Ufunguo mmoja, milango elfu: Wakazi wa Kwale na hatari ya daftari la saiba

Na MWANDISHI WETU

KATIKA barabara kuu itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga, hasa karibu na kituo cha matatu cha Ukunda, si rahisi kutembea hatua nyingi bila kuona bango linalotangaza huduma za eCitizen, KRA, leseni na vyeti vya kuzaliwa.

Ndani ya vibanda hivyo, maarufu kama saiba, huwa mna kompyuta chache, mashine ya kuchapisha na kijana aliyeketi nyuma ya meza. Mbele ya kijana huyo, mara nyingi, pana daftari.

Tuseme mama mmoja ametoka Msambweni kuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Anayo akaunti ya eCitizen aliyofunguliwa na mpwa wake, lakini hajawahi kuitumia mwenyewe.

"Mwanangu, niandikie wewe. Macho yangu hayaoni vyema, na haya mambo ya kompyuta siyajui," asema mama.

"Haya mama, hakuna tabu. Paswadi yako ni gani?" auliza kijana.

Mama alitaja neno lake la siri kwa sauti, huku wateja wengine wakisikia. Kijana aliandika katika daftari ili, kama asemavyo, siku mama atakaporudi wasihangaike tena. Kazi ikamalizika, fedha zikalipwa, wakaagana kwa shukrani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia ubaya.

Hata hivyo, alichokiacha mama yule katika daftari ni ufunguo wa nyumba nzima, wala si wa chumba kimoja alichokuwa akikihitaji siku hiyo.

Ili kuelewa ni kwa nini, yafaa kwanza kuelewa utaratibu wa kompyuta ambao umeenea duniani kwa zaidi ya miaka 30 na ambao sasa umefika hadi vijiji vya Kwale, ingawa ni wachache wanaoujua kwa jina. Wataalamu huuita "kuingia mara moja". Mtumiaji hujitambulisha mahali pamoja, kisha akapita katika huduma nyingine nyingi bila kuulizwa tena jina lake wala neno lake la siri.

Lango moja la serikali

Tovuti ya eCitizen ilianza mwaka 2014 ikiwa na huduma chache. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua jijini Nairobi zaidi ya huduma 5,000 za serikali katika tovuti hiyo, pamoja na programu ya simu iitwayo Gava Mkononi. Tangu wakati huo serikali imesema idadi hiyo imepita 20,000.

Huduma hizo ni za idara mbalimbali. Pasipoti ni kazi ya idara ya uhamiaji, leseni za udereva ni za mamlaka ya NTSA, usajili wa biashara una ofisi yake, na cheti cha polisi cha tabia njema hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai.

Lakini dereva anayekwenda katika tovuti ya NTSA hupelekwa kwanza kwenye lango la eCitizen. Huko ndiko anakoandika nambari ya kitambulisho na neno la siri. Lango likiridhika kwamba ni yeye, humrudisha NTSA akiwa amekwisha kutambuliwa. Mamlaka hiyo haihitaji tena kulijua neno lake la siri.

Mkanda wa mgeni wa Diani

Wakazi wa Diani hawana haja ya kusoma vitabu vya kompyuta ili kuuelewa utaratibu huu, maana wanauona kila siku kwa macho yao.

Mgeni anapofika katika hoteli inayotoza malipo ya jumla, hupita kwanza mapokezi. Huko huonyesha pasipoti yake, jina lake likatafutwa katika orodha, kisha akavishwa mkanda mkononi.

Kuanzia hapo, mhudumu wa baa humtazama mkanda tu. Mpishi hufanya vivyo hivyo, na mlinzi wa kidimbwi cha kuogelea pia. Hakuna anayemwomba pasipoti tena, na kwa kweli mgeni angeshangaa sana kama muuza vinywaji angetaka kuichukua na kuiweka chini ya kaunta.

Mambo manne yamo ndani ya mkanda huo. Kwanza, pasipoti imeonekana na mtu mmoja tu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Pili, wahudumu wote wanayaamini mapokezi. Tatu, rangi ya mkanda hueleza mgeni anastahili nini na hastahili nini. Nne, mkanda una mwisho wake, maana siku mgeni anapoondoka hukatwa.

Mifumo ya kompyuta hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Lango ndilo mapokezi, neno la siri ndilo pasipoti, na mkanda ni kibali cha muda ambacho lango huitumia kila huduma ili kuthibitisha kwamba mtu huyu ni fulani na ameruhusiwa jambo fulani hadi saa fulani.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1980, chuo kikuu cha MIT nchini Marekani kilibuni mfumo ulioitwa Kerberos, jina la mbwa wa ngano za Kigiriki anayelinda lango la kuzimu, ili wanafunzi wajitambulishe mara moja na kutumia kompyuta zote za chuo. Mwaka 2005 likatolewa toleo la pili la kanuni za SAML zinazowezesha kampuni tofauti kuaminiana kwa njia hiyo, na mwaka 2014 zikafuata kanuni za OpenID Connect. Anayebonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti yake ya Google katika tovuti ya kampuni nyingine anatumia kanuni hizo, ajue asijue.

Mafundi wenye milango arobaini

Ni nani basi anayeujua utaratibu huu vizuri zaidi, na anautumiaje bila kuhatarisha funguo zake? Jibu liko kwa mafundi wanaotunza kompyuta za "wingu". Mazoea yao yana funzo kubwa kwa kijana wa saiba na kwa mama wa Msambweni.

Wingu ni jina tu. Maana yake ni kukodi kompyuta zilizo katika maghala ya kampuni kubwa badala ya kununua zako mwenyewe. Kampuni ya Marekani ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na kompyuta kwa njia hii mwaka 2006. Huduma yake ya kukodisha kompyuta, iitwayo EC2, ilibuniwa na wahandisi waliokuwa Cape Town, Afrika Kusini. Aprili 2020, Amazon ikafungua maghala katika jiji hilo, ya kwanza ya aina hiyo kwake barani Afrika.

Hivyo orodha ya wageni wa hoteli iliyo ufuoni mwa Bahari ya Hindi yaweza kuwa imehifadhiwa Cape Town, Ireland au Marekani, na mgeni asijue.

Kampuni inayotumia wingu haiweki mali yake yote katika akaunti moja. Hufungua akaunti nyingi na kila moja hupewa nambari yenye tarakimu 12. Moja ni ya wateja halisi, nyingine ya majaribio, nyingine ya hesabu za fedha, nyingine ya kumbukumbu za usalama.

Sababu yake wataijua wote walioishi katika mitaa ya nyumba za makuti. Nyumba zikishikana, moto wa moja huteketeza mtaa mzima. Zikiachiana nafasi, majirani hupata wasaa wa kuuzima.

Tena katika kila akaunti, fundi aweza kuwa na majukumu zaidi ya moja. Kuna jukumu la kutazama tu bila kugusa, na kuna la kubadilisha na kufuta. Fundi wa kampuni yenye akaunti 20, akiwa na majukumu mawili katika kila moja, ana milango 40 ya kukumbuka.

Kwa ajili ya watu kama huyu, mwishoni mwa mwaka 2017 Amazon ilianzisha huduma yake ya kuingia mara moja, ambayo mwaka 2022 ilibadilishwa jina na kuitwa IAM Identity Center. Fundi hujitambulisha katika lango la kampuni yake, kisha akaiona orodha ya milango yote aliyoruhusiwa.

Programu inayoandika majina ya milango

Mafundi wengi, hata hivyo, hawapendi kubonyeza picha kwenye tovuti. Hutumia kile kinachoitwa mstari wa amri, yaani kidirisha kitupu ambamo mtu huandika agizo kwa herufi, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikatii.

Huko hakuna orodha ya picha. Kila mlango sharti upewe jina na uelezwe katika faili iliyo ndani ya kompyuta ya fundi. Maelezo ya mlango mmoja huitwa wasifu. Ndani ya kila wasifu mna anwani ya lango la kampuni, ile nambari ya tarakimu 12, jina la jukumu, na mara nyingi eneo la dunia ambako kompyuta zilizokodiwa ziko.

Programu ya Amazon yenyewe, katika toleo lake la pili lililotolewa rasmi Februari 2020, humsaidia fundi kuandika wasifu kwa kumwuliza maswali. Tatizo ni kwamba huandika wasifu mmoja kwa wakati. Mwenye milango 40 atajibu maswali yale yale mara 40.

Binadamu huchoka. Akichoka huanza kunakili faili ya mwenzake, hukosea tarakimu moja kati ya 12, au hutoa majina yanayofanana. Siku moja fundi hudhani yumo katika akaunti ya majaribio, akatoa agizo la kufuta, kumbe yumo katika akaunti ya wateja halisi. Kosa la jina la mlango laweza kuifuta kazi ya miaka.

Ndipo zilipoandikwa programu ndogo za kuzalisha wasifu wa milango yote kwa pamoja. Mojawapo inayojulikana ni aws-sso-util, iliyoandikwa na mhandisi Ben Kehoe na kutolewa bure kwa umma. Zipo nyingine za namna hiyo, na zote hufuata hatua zinazokaribiana.

Kwanza, fundi hujitambulisha mara moja katika lango la kampuni kupitia kivinjari cha intaneti, mahali palepale anapojitambulisha siku zote. Programu yenyewe haimwombi neno la siri.

Pili, programu huliuliza lango: Mtu huyu ameruhusiwa kuingia katika akaunti zipi? Lango hurudisha orodha.

Tatu, kwa kila akaunti programu huuliza tena: Humo ana majukumu yapi?

Nne, kwa kila jozi ya akaunti na jukumu, programu huandika wasifu na kuupa jina kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Akaunti ya majaribio yenye jukumu la kutazama, kwa mfano, yaweza kuitwa "majaribio-kutazama", na ile ya wateja yenye jukumu la kubadilisha ikaitwa "wateja-kubadilisha". Asomaye jina hujua amesimama mlango upi.

Kazi ambayo ingechukua saa nyingi humalizika kwa muda mfupi. Kampuni ikifungua akaunti mpya, fundi huendesha programu upya na mlango mpya ukaongezwa. Kila asubuhi huandika agizo moja tu, "aws sso login", akajitambulisha, kisha akachagua mlango anaoutaka kwa kuutaja jina.

Kisichoandikwa

Lililo muhimu zaidi katika faili hiyo ni kile kisichokuwemo. Hamna neno la siri hata moja.

Faili ina ramani ya milango, lakini haina funguo. Mwizi akiiiba atajua kwamba kampuni fulani ina akaunti 20 na majina yake ni haya na haya. Hilo si jambo jema, lakini hawezi kuingia hata mlango mmoja kwa kuisoma tu. Vilevile, fundi akiandika kwa mkono jina la mlango asioruhusiwa, kuandika kwake hakumfungulii kitu. Mwenye kuruhusu ni lango peke yake.

Fundi anapouchagua mlango, lango humpa kibali cha muda. Kwa kawaida, kibali cha kazi katika akaunti hudumu saa moja, na msimamizi aweza kukirefusha hadi saa 12. Baada ya hapo hufa chenyewe, kama mkanda wa mgeni aliyeondoka.

Hii haimaanishi kwamba fundi hana la kuogopa. Baada ya kujitambulisha, alama ya kuingia kwake hubaki ndani ya kompyuta kwa saa kadhaa. Akiiacha kompyuta wazi mezani, atakayeketi hapo ataingia kwa jina lake. Ndiyo maana mafundi makini hufunga kioo cha kompyuta hata wanapoinuka kwenda kunywa maji.

Sasa lilinganishe faili hilo na daftari la saiba. Faili la fundi lina majina ya milango bila funguo. Daftari la saiba lina funguo, tena ufunguo mmoja wa kila mtu unaofungua milango yake yote. Faili la fundi likiibwa, hasara ni ndogo. Daftari likiibwa, wateja wote waliowahi kuandikwa humo wamo hatarini, na wengi wao hawatajua hadi siku watakapokuta ombi lililotumwa kwa jina lao au anwani ya barua pepe iliyobadilishwa.

Msimu ukiisha

Kwa waajiri wa pwani ya kusini, utaratibu huu una faida nyingine isiyozungumzwa sana.

Biashara ya utalii huenda kwa misimu. Mvua za masika zinapoanza kunyesha mwezi Aprili, wageni hupungua Diani, na baadhi ya wafanyakazi wa mkataba hurudi makwao. Mmoja alikuwa na neno la siri la mfumo wa vyumba, jingine la barua pepe, jingine la stoo, na jingine la akaunti ya hoteli katika mtandao wa kijamii.

Pale ambapo kila mfumo una neno lake la siri, msimamizi sharti akumbuke kuifunga milango yote mmoja mmoja. Akisahau mmoja, mtu aliyeondoka Aprili ataweza kusoma majina na nambari za simu za wageni wa Desemba.

Pale penye lango moja, msimamizi hulifuta jina mahali pamoja tu. Milango yote iliyounganishwa na lango hilo humfungia mtu huyo, kama si papo hapo basi mara tu kibali chake cha mwisho kinapokwisha.

Lango likifungwa, wote nje

Lakini kila jema lina kasoro yake. Milango yote ikitegemea lango moja, lango hilo likianguka hakuna apitaye.

Wakenya walilionja hilo mwishoni mwa Julai 2023, majuma machache tu baada ya uzinduzi wa huduma zile 5,000. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuishambulia eCitizen. Shambulio lenyewe lilikuwa la kuifurikisha mitambo kwa maombi bandia mengi kupita uwezo wake, hadi maombi ya watu wa kweli yakakosa nafasi.

Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Bw Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, walioomba pasipoti, leseni na vyeti walikwama. Mfumo wa viza za mtandaoni uliathirika pia, hata serikali ikalazimika kuwaruhusu wageni kupata viza walipowasili. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa tuhuma za kuliendesha kundi hilo.

Kwa eneo kama Diani, ambalo riziki yake hutegemea mgeni anayeshuka Mombasa au katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda, funzo lilikuwa wazi. Lango moja hurahisisha safari, lakini sharti iwepo njia ya dharura siku lango linapokwama.

Wasio na jina langoni

Kuna kundi jingine ambalo kwake suala hili ni zito kuliko kupotea kwa neno la siri. Hao ni wale ambao lango haliwajui kabisa.

Mwananchi hufungua akaunti ya eCitizen kwa kutumia nambari ya kitambulisho chake. Asiye na kitambulisho hana akaunti, na asiye na akaunti amefungiwa milango yote kwa mpigo.

Kaunti ya Kwale inayajua machungu hayo kuliko nyingi. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa enzi za ukoloni, waliishi hapa kwa miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 mamia kati yao walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao. Mwishoni mwa mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho, na mapema mwaka 2017 serikali ikawatambua rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wapemba wanaoishi katika pwani ya Kwale na Kilifi walisubiri zaidi. Wao walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023, mwaka uleule serikali ilipohamishia maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen.

Zamani, asiye na kitambulisho aliweza angalau kumkuta karani anayemfahamu, au chifu wa kumwandikia barua. Kompyuta haimfahamu mtu, wala haiisomi barua ya chifu. Mahakama Kuu ililigusa jambo hili Januari 30, 2020 katika kesi ya Huduma Namba, ambapo majaji watatu waliamuru mpango huo usiendelee bila sheria na kanuni za kutosha, huku wakionya kwamba wasio na hati wangeweza kutengwa.

Kwa hiyo kila huduma inayohamishiwa nyuma ya lango humwongezea raha aliye na jina, na humwongezea dhiki asiye nalo. Wanaopanga huduma za kaunti na za taifa hawana budi kuwa na meza ya karani kwa ajili ya watu hao hadi wa mwisho wao atakapopata hati.

Yafaayo kufanywa

Kenya haikosi sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka yeyote anayehifadhi habari za watu azitunze kwa usalama, na mwenye saiba hayuko nje ya sheria hiyo. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni nayo inasema anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni rahisi kuuziba.

Mwenye saiba na aige faili la fundi. Daftari lake liwe na jina la mteja, tarehe, huduma aliyoomba na nambari ya ombi ili aweza kufuatilia. Neno la siri lisiandikwe humo kabisa. Mteja akilisahau, lango lina njia yake ya kumpa jipya kupitia simu au barua pepe.

Mteja na aliandike neno lake la siri mwenyewe, hata ikimchukua dakika tano kuzitafuta herufi moja moja. Asiyeweza, aje na mwana au mjukuu anayemwamini. Nambari ya kuthibitisha inayotumwa kwa simu asimsomee mtu mwingine, maana hiyo ndiyo nusu ya pili ya ufunguo.

Kazi ikiisha, ahakikishe amejiondoa kwenye akaunti na kompyuta haikuhifadhi neno lake la siri. Kibanda kina wateja wengi, na atakayeketi baada yake asikute mlango wazi.

Barua pepe iliyounganishwa na akaunti iwe yake mwenyewe. Wengi walifunguliwa akaunti kwa barua pepe ya mtu wa saiba, na hao hawajawahi kuumiliki ufunguo wao hata siku moja. Wenye shaka waende Huduma Centre ya Kwale wakaombe kusaidiwa kubadilisha.

Na yule mama wa Msambweni? Hajachelewa. Aombe mpwa wake amketishe mbele ya simu jioni moja, wachague neno jipya la siri analoweza kulikumbuka, na aliandike kwa vidole vyake mwenyewe. Daftari la Ukunda litabaki na neno la zamani lisilofungua mlango wowote.